Jalada Likijaa: Habari za Mafaili Makubwa na Kompyuta za Zamani

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari yoyote ya kihistoria itakayowafaa wanafunzi waliopo na kuwafurahisha waliopita. Najua wenzangu wataandika juu ya ujenzi wa bwalo, juu ya mgomo wa uji, na juu ya ile timu ya mpira ambayo kila mwaka inazidi kuwa hodari kadiri wachezaji wake wanavyozeeka. Mimi nimechagua jambo la kompyuta, na nimelichagua kwa sababu ya deni. Wengi wenu hamjui kwamba hotuba aliyotutolea mwalimu wetu wa historia katika mkutano wa mwaka 2016 haipo tena, isipokuwa dakika 19 za kwanza. Dakika 30 zilizobaki zilipotea mikononi mwangu.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kazi ya kushika kamera, kamera ndogo ya kuazima. Mwalimu alisimama baada ya chakula cha mchana akazungumza bila karatasi kwa muda wa dakika 49, nasi tulikaa kimya kama tuliokuwa tena kidato cha kwanza. Jioni ile mwenye kamera alikuwa na safari, akaitaka kadi yake. Niliichomeka katika kompyuta yangu, nikaona mafaili mengi, nikanakili yale yaliyojipanga juu kwa majina yanayofuatana vizuri. Chini yake yalikuwapo mengine ambayo majina yao yalianza kwa namba nyingine, nikayadhania kuwa ni mambo ya mwenyewe ya nyumbani, nikaona si adabu kuyagusa. Kesho yake kadi ikafutwa kwa ajili ya harusi. Baada ya wiki mbili ndipo nilipokaa kusikiliza. Mwalimu alifika mahali pa kueleza jinsi maktaba yetu ilivyopatikana, akasema, "Sasa, vile vitabu vya kwanza...", na picha ikakatika. Nilipotazama ukubwa wa faili lile, lilikuwa gigabaiti 4 kasoro kidogo. Kipande cha pili na cha tatu ndivyo vile vya chini ambavyo sikuvigusa.

Mwalimu alifariki mwaka 2018. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza hizo gigabaiti 4 zilitoka wapi, nani aliyeziweka, na kwa nini kamera ya miaka hiyo iendelee kutii sheria ya zamani namna ile. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Nianze na masjala, maana huko ndiko nilikoanzia kazi mwaka 2005, kama wanavyoanza wengi tulioingia serikalini tukiwa na shahada mkononi na kiburi kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa karibu ya kustaafu ndiye aliyenifundisha. Katika ofisi ile jalada likifika folio ya 100 halikuongezwa karatasi hata moja. Lilifungwa. Juu yake iliandikwa kwamba limefungwa na kwamba mwenye kutaka habari zaidi aangalie Juzuu la II. Na ndani ya Juzuu la II, karatasi ya kwanza kabisa ilieleza Juzuu la I lilikoishia. Bibi yule alikuwa akisema kwamba jalada lililogawanywa bila maandishi hayo mawili ni sawa na jalada lililoibiwa. Wakati ule niliona anakuza mambo.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Kompyuta haiandiki namba kama sisi, bali kwa alama mbili tu, 0 na 1, na kila alama moja huitwa biti. Mtu aliyechora fomu yenye vyumba 3 vya tarakimu hawezi kuandika humo zaidi ya 999. Akifika 1,000 hana budi aandike nje ya mstari, au aanze fomu nyingine. Vivyo hivyo vyumba 16 vya biti vinafika 65,535. Vyumba 24 vinafika 16,777,215. Na vyumba 32 vinafika 4,294,967,295. Namba hiyo ya mwisho, ikihesabiwa kwa baiti, ndiyo gigabaiti 4 kasoro baiti 1, nayo ndiyo iliyomkatiza Mwalimu maneno. Mfumo wa mafaili, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kujua kila faili liko wapi kwenye diski na lina ukubwa gani, si kitu kingine ila ni masjala yenye fomu za namna hiyo. Aliyechora fomu ndiye aliyeweka mpaka, na kila mpaka ulipofikiwa watu walitafuta njia ya kuupita.

Njia ya kwanza ninayotaka kuitaja naipenda kupita zote, kwa kuwa inafanana mno na ya bibi wa masjala. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Gary Kildall, alitengeneza mfumo ulioitwa CP/M kwa ajili ya kompyuta ndogo za wakati ule. Katika orodha ya mafaili ya CP/M, kila mstari ulikuwa na baiti 32, na nusu ya mstari huo, baiti 16, ilikuwa ya kuandikia namba za mafungu ya diski ambamo faili limewekwa. Kwa disketi za wakati ule fungu moja lilikuwa na kilobaiti 1, kwa hiyo mstari mmoja uliweza kulihudumia faili la kilobaiti 16 na basi. Je, faili la kilobaiti 40? Kildall hakulikataa. Aliliandikia mstari wa pili na wa tatu katika orodha ile ile, kwa jina lile lile, akaweka katika kila mstari namba ya juzuu: hii ni sehemu 0, hii ni sehemu 1, hii ni sehemu 2. Mtumiaji aliona faili moja tu. Ugawanyaji ulifanywa na masjala yenyewe, na maandishi ya kuunganisha yaliwekwa na masjala yenyewe, wala mtu hakuhitaji kukumbuka lolote.

CP/M ilikuwa na upungufu wake pia. Haikuandika urefu wa faili kwa baiti bali kwa vipande vya baiti 128, hivyo haikujua maandishi yameishia wapi hasa ndani ya kipande cha mwisho. Waandishi wa programu wakaweka alama mwishoni mwa maandishi, ile inayotolewa kwa kubonyeza Ctrl pamoja na Z, ambayo ni namba 26 katika hesabu ya kompyuta. Msomaji aishike alama hiyo akilini, maana itarudi. Toleo la 2.2 la mwaka 1979 lilihesabu vipande hivyo mpaka 65,536, na ukizidisha kwa 128 unapata megabaiti 8. Huo ndio uliokuwa mwisho wa faili.

Kwa upande wa wasomi, pale Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na mfumo wao wa Unix, ambao ulikuwa ukiendeshwa juu ya mashine ya PDP-11. Mashine ile ilihesabu kwa biti 16. Faili la Unix ya mwaka 1975 liliweza kufika megabaiti 16, kwa kuwa ukubwa uliandikwa kwa biti 24. Lakini amri ya kusogea ndani ya faili, iliyoitwa seek, ilipokea namba ya biti 16 tu. Yaani chumba ni kirefu, lakini fimbo ya kukipimia ni fupi. Walifanyaje? Waliongeza namna nyingine ya kuitoa amri ile ile: ukiitoa kwa namna hiyo, namba uliyotaja ilizidishwa kwa 512. Kwanza unaruka kwa hatua kubwa za baiti 512, halafu unamalizia kwa hatua ndogo. Mwaka 1979, katika Toleo la 7, waliacha hila hiyo wakatengeneza amri mpya yenye kupokea namba ndefu ya biti 32, wakaiita lseek, na hiyo l ya mwanzo ni ya urefu. Kijana anayejifunza programu leo hukutana na lseek na hajui kwamba herufi ile moja ni kovu la mashine ambayo babu yake angeweza kuitumia.

Naja sasa kwenye ukoo wa kamera yangu. Mwaka 1977 Marc McDonald wa Microsoft alibuni utaratibu wa kuandika mafungu ya diski katika jedwali moja, utaratibu ambao kwa kifupi chake unaitwa FAT. Mwaka 1980 Tim Paterson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni nyingine ndogo mjini Seattle, aliuchukua mpango huo akautia katika mfumo alioutengeneza. Microsoft wakaununua mfumo huo, na Agosti 1981 ukatoka pamoja na kompyuta ya IBM kwa jina la DOS. Mstari wa orodha ulikuwa tena na baiti 32: baiti 11 za jina, chache za tarehe, mbili za namba ya fungu la kwanza, na baiti 4 za ukubwa wa faili. Baiti 4 ni biti 32. Hapo ndipo gigabaiti 4 zilipozaliwa.

Nilipolijua hilo hasira yangu ilipungua. Disketi ya IBM ya mwaka 1981 ilichukua kilobaiti 160. Ingehitajika disketi zaidi ya 26,000 kulijaza faili moja la gigabaiti 4. Watu wale hawakuwa wachoyo hata kidogo. Katika kitu kizima walichotengeneza, chumba cha ukubwa wa faili ndicho kilichokuwa na nafasi ya kupita kiasi, na ndiyo maana hakuna aliyekigusa kwa miaka mingi. Vyumba vingine vilivyobana vilipanuliwa mapema. Hiki kilichoonekana kipana kikaachwa.

Kilichobana kwanza kilikuwa idadi ya sekta za diski. Iliandikwa kwa biti 16, sekta moja ina baiti 512, kwa hiyo diski ya DOS haikuweza kuzidi baiti 33,554,432, yaani megabaiti 32. Wale wa rika langu watakumbuka kompyuta ya kijivu tuliyopewa na wafadhili mwaka 1997, iliyowekwa katika kile chumba kando ya stoo ya majembe. Ilikuwa imeshazeeka ilipofika. Ilikuwa na C na ilikuwa na D, na sisi tuliamini kabisa kwamba D ndimo ilimofichwa mitihani. Kuna mtu, ambaye sasa ni mheshimiwa na sitamtaja, aliyekaa macho usiku mzima akiitafuta mitihani hiyo. Ukweli ni kwamba diski yake ilikuwa ya megabaiti 40, na DOS ya toleo la 3.3 iliyokuwamo haikuweza kuiona diski hiyo kama kitu kimoja. C ilichukua megabaiti 32, na D ilikuwa ni yale makombo ya megabaiti 8 yaliyobaki. Kugawa diski namna hiyo ndiyo ilikuwa dawa rasmi ya mwaka 1987. Dawa isiyo rasmi ilikuwa programu za makampuni mengine zilizoidanganya DOS kwamba sekta ni kubwa kuliko zilivyo, ili namba ile ile ya sekta ifike mbali zaidi. Mwishoni mwa 1987 kampuni ya Compaq ilitoa DOS yake ya 3.31 yenye chumba cha biti 32 kwa sekta, na Microsoft wakafuata mwaka 1988 kwa DOS ya 4.

Mpaka ukasogea hadi gigabaiti 2 kwa diski moja, lakini kwa gharama. Mafungu yasingeweza kuzidi 65,000 na kitu, kwa hiyo kila fungu lilibidi liwe na kilobaiti 32. Barua ya kilobaiti 1 ilichukua kilobaiti 32 za diski, sawa na kumpa kila mwenye karatasi moja rafu nzima ya masjala. Mwezi Agosti 1996 ikaja FAT32, ambayo ilipanua namba za mafungu. Na chumba cha ukubwa wa faili? Kilibaki baiti zile zile 4. Mstari ule wa baiti 32 ulikuwa na baiti 10 za akiba, lakini zilikuwa zimekwisha kugawiwa mambo mengine: saa ya kuundwa kwa faili, tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho, na nusu ya juu ya ile namba ya fungu la kwanza. Microsoft walikuwa na mfumo mwingine tangu 1993, unaoitwa NTFS, ambao kwake gigabaiti 4 si kitu, na yamkini waliona mwenye mafaili makubwa atahamia huko. Hawakukadiria kwamba FAT32 itaingia katika kila flashi, kila kamera, kila redio ya gari na kila televisheni duniani.

Chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpaka wetu ulikuwa mdogo zaidi. Ulikuwa wa disketi ya baiti 1,474,560. Nilikuwa na takwimu za utafiti zenye megabaiti 7, na kompyuta ya kuchapia ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Tulitumia programu ya ARJ, ambayo hulikata faili vipande vinavyotosha disketi moja moja, na kila kipande hupewa jina lenye namba yake. Nilibeba disketi 5 ndani ya daladala, nikizikumbatia kama mayai. Ya 4 ilikataa kusomeka. Aliyewahi kupatwa na jambo hilo anajua kwamba 4 nzima na 1 mbovu si hasara ya sehemu ya tano. Ni hasara ya safari nzima.

Wengine waliunganisha vipande kwa amri ya DOS yenyewe, ile ya COPY yenye alama ya kujumlisha kati ya majina. Hapo ndipo ile alama ya Ctrl na Z inaporudi. COPY ikiunganisha mafaili bila kuambiwa zaidi huyachukulia kuwa ni maandishi, na ikikutana na namba 26 popote ndani ya faili hudhani maandishi yamekwisha, ikaacha yote yanayofuata. Kulikuwa na dawa, kuandika /B ili ijue kwamba si maandishi. Asiyeijua dawa hiyo alipoteza kazi yake kwa sababu ya upungufu wa CP/M, mfumo ambao yamkini hakuwahi hata kuusikia. Urithi wa masjala ndivyo ulivyo.

Mashine kubwa nazo hazikusalimika. Katika Unix na ndugu zake, nafasi ndani ya faili iliandikwa kwa biti 32, lakini biti moja ilikuwa ya alama ya kutoa, maana mtu anaweza kusogea mbele au nyuma, na amri ikishindwa hurudisha kutoa 1. Zikabaki biti 31, na mpaka ukawa baiti 2,147,483,647, yaani gigabaiti 2. Katikati ya miaka ya 1990 hifadhidata za mabenki na za serikali zilikuwa zimekwisha kuufikia. Walioziendesha walipanga data zao katika mafaili mengi, kila moja chini ya gigabaiti 2, au waliiacha kabisa masjala ya mafaili na kuandika moja kwa moja juu ya diski tupu. Nakala za akiba zilipitishwa katika amri ya split, ikazikata, na siku ya kuzirudisha cat ikaziunga. Makampuni ya Unix yalikutana, na mwaka 1996 yakakamilisha mapatano ya jinsi programu za biti 32 zitakavyoweza kutaja nafasi kwa biti 64. Linux ilipata uwezo huo kwa ukamilifu katika toleo la 2.4, Januari 2001.

Sinema sitazikalia sana. DVD iliyotoka Japani mwaka 1996 huikata filamu vipande visivyozidi gigabaiti 1, kwa majina yenye namba kuanzia 1, na mashine ya kuchezea huvifuatisha bila mtazamaji kuhisi. Huo ni ugawanyaji wa kistaarabu. Filamu zetu za Kibongo za VCD ziliuzwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa kuwa VCD moja huchukua dakika 74 hivi; ingawa hapo nadhani biashara nayo ilikuwa na lake.

Kwa kamera, Canon EOS 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ilisimama yenyewe kurekodi ilipofika gigabaiti 4, ambazo kwa picha safi zilikuwa dakika 12 hivi. Mpiga picha za harusi alilazimika kubonyeza tena, na kama padri alikuwa ndiyo kwanza anauliza swali lile kubwa, basi tena. Kamera za baadaye hazikusimama. Zilifungua faili la pili kimya kimya na kuendelea, na hicho ndicho ilichofanya ile niliyoiazima. Ila maandishi ya kuunganisha iliyaweka katika jina peke yake, na namba ya kipande ikaitanguliza mbele ya namba ya picha, hata majina yalipopangwa vipande vya hotuba moja vikatengana. Bibi wa masjala asingekubali.

Ipo habari nyingine ya namna hiyo, nayo ni nzito kuliko yangu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ofisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo kutoka maabara na kuyahamishia katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani. Muundo huo, uliokuwa ukitumika tangu 1997, una safu za chini 65,536 na si zaidi. Ni zile biti 16 tena. Kila mgonjwa alichukua safu kadhaa, kwa hiyo jedwali moja lilijaa baada ya wagonjwa 1,400 hivi. Waliozidi waliachwa nje, na aliyekuwa akiyashughulikia hakuambiwa. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba wagonjwa 15,841 hawakuingizwa katika hesabu, na watu waliokaa nao karibu hawakutafutwa kwa wakati ili waonywe. Na dawa waliyoitumia kwanza, ofisi ya nchi tajiri, katika karne hii? Waliyagawa matokeo katika majedwali madogo madogo mengi zaidi. Excel ya mwaka 2007 na zilizofuata ina safu 1,048,576, lakini muundo wa zamani bado ulikuwapo kazini, kama ulivyo katika ofisi nyingi ninazozijua.

Tofauti ninayoiona mimi kati ya mipaka hii ni moja. Ipo inayokataa kwa sauti: ukinakili faili la gigabaiti 5 katika flashi ya FAT32, kompyuta inagoma na kukuambia kwamba ni kubwa mno. Inaudhi, lakini hakuna kinachopotea. Na ipo inayokata na kuendelea bila neno. Hiyo ya pili ndiyo iliyowapata Waingereza, na ndiyo iliyonipata mimi.

Kwa vijana mliopo shuleni, mambo yalivyo sasa ni haya. Microsoft walitoa mwaka 2006 mfumo wa exFAT, ambao chumba chake cha ukubwa wa faili ni cha biti 64, namba ambayo Mhariri hatakuwa na nafasi ya kuichapa yote. Kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32 huja nao. Maelezo yake kamili yalitangazwa kwa wote Agosti 2019, na Linux ikauingiza mwaka ule ule. Hata hivyo televisheni nyingi za zamani, ikiwamo ile ya bwaloni, husoma FAT32 tu. Flashi ya kuwekea Windows katika kompyuta mpya nayo kwa kawaida huandaliwa kwa FAT32, na faili kubwa la ndani yake likizidi gigabaiti 4 fundi hulikata kwanza vipande. Na kamera nyingi bado hukata kila zinapofika gigabaiti 4, hata zikiwa na kadi ya exFAT. Vipande hivyo haviungwi kwa COPY, maana kila kimoja kina kichwa chake. Ipo programu ya bure iitwayo ffmpeg ambayo huviunga bila kuiharibu picha. Anayetaka kuonyeshwa, nitakuwapo shuleni siku zote mbili za mkutano.

Dakika 19 za Mwalimu nimezihifadhi mahali pa tatu tofauti, na nakala moja nimempa mkutubi. Katika picha hizo, safu ya pili kushoto, wanaonekana watu wawili walioinua simu zao kama wanaorekodi. Sura hazionekani vizuri kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Mmoja amevaa shati la kitenge, na mwingine ana upara. Kama ni wewe, au unamjua, na kama simu ile au kadi yake bado ipo katika droo fulani, tafadhali wasiliana nami kupitia kwa Mhariri. Usifute kitu, usichague. Lete kadi nzima kama ilivyo.